Maombi ya Dada Katika Spika ya Kona

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Wengi wetu hatukuwa na mapumziko siku nyingine, kwa hiyo siku hiyo kanisa la kale la mawe, lililoegemea jabali upande wa Mutrah, Maskati, liligawanywa kwa zamu kama bafu la nyumba ya kupanga. Wahindi walitoka na watoto wao waliovalishwa vizuri, Wafilipino wakaingia na magitaa, na alasiri ikawa zamu yetu, Wakenya na majirani zetu wachache: wahudumu wa hoteli, mafundi wa viwanda vya Rusayl, manesi, mayaya. Mimi nilikuwa mapokezi katika kliniki ya meno, na riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwenye kaunta, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Lazima nieleze jinsi tulivyoomba, maana bila hilo hasira yangu itaonekana ya bure. Kiongozi akisema tuombe, hatupokezani. Tunaomba wote kwa mpigo, kwa sauti ya juu, kila mtu na lake, mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Mgeni husikia fujo. Sisi tulijua ni pazia. Ndani ya kelele ile unaweza kumwambia Mungu jambo ambalo hujamwambia mumeo, na aliyesimama bega kwa bega nawe asisikie hata neno, kwa kuwa naye ana yake. Kwa watu wanaolala wanne chumba kimoja Darsait, au kwenye kijichumba nyuma ya jiko la mwajiri, hapakuwa na faragha nyingine mjini.

Aliyesimama karibu nami kila Ijumaa, kwenye kona ya dirisha la mwisho, alikuwa dada mmoja mpishi. Alifanya kazi Mabela, kwa familia ya Kiomani iliyoishi Tabora kisha Unguja kabla ya kurudi, na ambayo bado ilikula na kugombana kwa Kiswahili. Dada alikuwa mcheshi. Lakini wakati wa maombi alilia. Sikujua analilia nini, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Katikati ya miaka ya elfu mbili akaja msanii kutoka Ulaya. Wazee wa kanisa walimruhusu alijaze jengo mwanga na sauti kwa wiki kadhaa, maonyesho ya jioni, wageni waalikwa wa kila dini. Kwetu aliomba nyimbo. Mwalimu wa kwaya alifurahi mno, akaamuru tuje na sare.

"Mwalimu, si anachukua sauti tu?" aliuliza fundi mmoja aliyeimba besi, akihangaika na tai.

"Sauti ya mtu asiyechana nywele hujulikana," mwalimu akamjibu.

Basi tukaimba tukiwa nadhifu, mbele ya vinasa sauti vidogo alivyofunga kwenye nondo za madirisha, kimoja kila kona. Nyimbo zikaisha. Msanii hakuvizima, wala hatukuuliza. Tuliingia katika maombi kama kawaida, naye akabaki nyuma na vifaa vya kusikilizia masikioni, ametabasamu.

Jioni ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, baada ya magharibi. Nakiri ilikuwa nzuri, na hilo linanikera mpaka leo. Mabenchi yalikuwa yameondolewa na mazulia kutandikwa. Kuta zile nene, ambazo sisi tulizijua kwa chokaa inayobambuka, zilikuwa zinatiririka buluu, kisha rangi ya shaba, kisha mwanga mdogo mdogo kama punje za mtama ukapanda hadi kwenye mbao za dari. Nyimbo zetu zilitoka juu, taratibu, kana kwamba jengo lenyewe linakumbuka. Nilisimama katikati nikajisikia fahari.

Kisha nyimbo zikafifia, yakaja maombi. Lakini hayakuja kama fujo. Yule bwana alikuwa ameyachambua. Kila spika ilikuwa na mtu wake. Ukisogea kushoto unamsikia fundi wa besi akiomba asirudi kwenye pombe. Ukipiga hatua mbele unamsikia nesi akimtaja mumewe kwa jina. Na kwenye kona ya dirisha la mwisho, palepale anaposimama, dada alikuwa analia peke yake.

"Baba, huu uvimbe wa titini umekua. Nikimwambia mama mwenye nyumba watanirudisha nyumbani. Watoto watakula nini? Uondoe, Baba, uondoe kabla hajauona."

Wageni walisimama pale, glasi za juisi mkononi, macho wamefumba. Bwana mmoja wa kizungu alikuwa anayumbayumba kidogo, kama anayebembelezwa. Mbele yake, wima kama nguzo, alisimama mama wa Kiomani, abaya nyeusi na shali ya sufi mabegani kwa sababu ya baridi ya viyoyozi. Aliponiona nalia akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe wa hapa?"

"Ndiyo, mama. Nasali hapa."

"Basi nambie kama nnakosea. Sauti hii ndiyo inayonambia chai tayari kila asubuhi. Mume wangu kaalikwa na watu wa ofisi yake, mie nimefuata tu kutazama taa. Wallahi nimekuja kutazama taa."

Nilimwacha nikamtafuta msanii, nikamkuta mlangoni akipokea pongezi. Nilimwambia kwa Kiingereza azime spika ile.

"Wenzako walikubali nirekodi," alisema, kwa upole.

"Nyimbo."

"Kwangu ni kitu kimoja. Na hayo si maneno, ni mawimbi ya sauti. Nilichagua makusudi lugha ambayo hapa hakuna anayeielewa."

Nilimwonyesha mzee wa Kiomani mwenye kanzu na kofia aliyeinamisha kichwa. Nilimwonyesha mabinti wawili wanaonong'onezana kando ya spika ya nesi. Mwanamume huyu alikaa Maskati miezi, alikunywa kahawa kwenye sebule zao, na hakuwahi kujua wenyeji wake wanatukanana, wanabembeleza watoto na kuulizana bei ya samaki kwa lugha aliyoiita mawimbi. Aliisikia kwa wapishi tu, akadhani ni ya wapishi.

"Nikiizima, kona ile itakufa," alisema.

Mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni. "Dada, taratibu. Jengo si letu. Wakituondolea zamu ya Ijumaa tutasalia wapi, kwenye maegesho?"

Tuliporudi kwenye kona, yule mama alikuwa amevua shali yake na kuifunga spika, mizunguko kadhaa, kama anayemfunika mgonjwa. Sauti haikukatika. Ilibaki chini ya sufi, kama ya mtu anayelia chini ya blanketi ili asiamshe wenzake. Mama aliipa mgongo, akasimama hivyo, akimtazama machoni kila aliyekaribia, mpaka mzunguko wa maombi ukaisha na nyimbo kurudi.

Ijumaa iliyofuata dada alikuja. Mama alikuwa amempeleka hospitali mwenyewe, asubuhi iliyofuata maonyesho, bila maelezo. Uvimbe ukakatwa baadaye. Haukuwa wa kutisha. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Kanisani pakatolewa ushuhuda, Mungu ametumia maonyesho, watu wakapiga makofi. Msanii naye alisikia, akamwomba mwalimu ruhusa ya kuisimulia habari hiyo katika miji mingine. Mwalimu alitoa. Hakuna aliyemuuliza dada.

Mimi nilimuuliza, nje, tukivaa viatu. Kama hana hasira.

"Mama amenitendea wema," alisema. "Sasa hata kunisalimia ananisalimia polepole, kama mimi yai. Lakini mimi sikuwa namwambia mama. Wala wewe. Wala huyo wa taa."

"Utaomba tu, dada. Vile vinasa vimeondolewa."

"Wewe umeangalia kwenye nondo?"

Nilikuwa nimeangalia. Havikuwepo. Aliitikia kwa kichwa, tukaachana.

Wakati wote niliobaki Maskati alisimama kona ileile. Kiongozi akisema tuombe, kanisa linalipuka, nami napaza sauti kuliko nilivyowahi, hata bila ya kuwa na la kuomba, ili pazia liwe zito upande wake. Nikifungua jicho namwona amesimama, mikono kwenye ukingo wa dirisha, midomo imefungwa, anatazama nondo.