Nilivyosinzia Kwenye Mahari ya Watu

Nawasimulia hii mimi mwenyewe kwa sababu nimesikia inazunguka vibaya, na afadhali niaibike kwa kinywa changu kuliko kwa vinywa vya watu wa Kalundu, kule bandarini, ambao wameshaongeza hata mtoto ndani yake (hakuna mtoto, jamani, hapakuwa na mtoto, sikieni kwanza).

Naitwa Riziki. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili, na nakaa mtaa wa Rugenge kwa dada yangu Nyota, ambaye ana mapacha wa miezi saba, na mapacha hao hawajawahi kulala kwa wakati mmoja tangu wazaliwe. Wiki ile ilinivunja. Jumatatu mpaka Jumatano nilikuwa staje, mafunzo ya kazi, hospitalini, kusimama tangu asubuhi, kupima homa, kutandika vitanda, kuitwa huku na huku mpaka miguu inavimba ndani ya viatu; Alhamisi tukafanya interro, jaribio la darasani, ya anatomia, ambayo niliisomea jikoni pacha mmoja mgongoni na mwingine namtikisa kwa mguu; Ijumaa maji yakakatika mtaa mzima, nikapanda na kushuka na bidoni za maji toka mtoni mpaka shingo ikakataa kugeuka. Jumamosi sasa, siku ambayo mtu mwenye akili angelala, ndiyo siku niliyokubali kutoka na Amani.

Amani ni kijana wa bandarini, kazi yake kuhesabu magunia yanaposhuka kwenye boti. Tulijuana hospitalini alipomleta mama yake na malaria. Ni mtu wa haya, anaongea huku akitazama mikono yake, na ilimchukua mwezi mzima kusema maneno haya: "Riziki, kama uko na nafasi, Jumamosi saa tisa, tule samaki, mukeke ya kuchoma, pale pembeni ya ziwa. Geti ya bluu, ukipita bandari. Vaa kawaida tu."

Kawaida! Nyota alicheka mpaka akaweka mtoto chini. "Hakuna mwanamuke anavaa kawaida siku ya kwanza," akasema, na akanitolea kitenge changu cha kijani, kile cha Pasaka, libaya ya juu na pagne ya chini vilivyoshonwa na fundi wa Kasenga, mabega juu kama masikio ya mbuzi, pamoja na viatu vyake vya kisigino ambavyo ni namba moja ndogo kuliko mguu wangu. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi, umeme hamna. Nikasema si kitu, geti ni geti.

Motari wa pikipiki akanishusha baada ya bandari mbele ya geti la bluu. (Kulikuwa na mageti mawili ya bluu, yamefuatana, ukuta mmoja katikati. Hilo nililijua baadaye, pamoja na watu wote.) Mlangoni alisimama mama mmoja mnene, kilemba juu, anapokea wageni kwa mikono miwili. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akafurahi.

"Karibu, mwanangu! Weye uko wa upande wa bwana, si ndiyo?"

Na mimi, kichwa kimejaa usingizi, nikaelewa kwamba kuna bwana ananingoja ndani. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akanishika mkono, akanivuta, "Pita, pita, benzako biko pale." Nikaingia, nikaona hema, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili vinatazamana, ndoo za bia ya Primus, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mti, na upande mmoja wasichana sita hivi wamevaa kitenge cha kijani. Si kile changu kabisa, lakini kwa macho ya mbali, ndugu zangu, ni kilekile. Nikajua hapohapo: hii ni sherehe ya mahari ya mtu.

Nilipaswa kugeuka. Ni hatua kumi tu kurudi getini, kusema "mama, nisamehe, nimekosea," basi. Lakini visigino vilikuwa vinanikata, na mama yule alikuwa ameshanisogezea kiti, kiti chenye mto, kivulini, upepo wa ziwa unapita chini yake. Nikajiambia nikae dakika tano, miguu ipoe, halafu nitoke polepole nimtafute Amani. Uamuzi wangu wote wa kijinga ulikuwa huo, kukaa. Nikaletewa Fanta. Nikanywa nusu. Bibi mmoja wa upande ule alikuwa karibu nami, bega lake pana, linanukia sabuni, na wazee walikuwa wameanza yale maneno marefu ya msemaji huyu na msemaji yule, tumeona ua kwenu, ua gani, hapa maua ni mengi... nikalala. Si kusinzia kidogo. Nililala kwenye bega la bibi wa watu, mdomo wazi.

Nilichoamshwa nacho ni kiwiko cha bibi. "Simama, banaita dada za bwana!" Nikasimama kabla akili haijafika. Wasichana wa kijani walikuwa wanapanga mstari katikati ya hema, na mmoja akanivuta kwa mkono (kila mmoja wao, baadaye walisema, alifikiri mimi ni binamu wa upande wa mwingine). Bibi arusi akatolewa ndani, Solange, mzuri, amejifunika kitambaa cheupe, na msemaji wa kwao, mzee mrefu mwenye kofia, akatangaza kwamba mtoto wao haendi kwa watu asiowajua, kwa hiyo kila wifi aseme jina lake na ni nani kwa bwana. Na wakatoa mikro. Mikro, jamani, na spika mbili kubwa.

"Naitwa Furaha, mkubwa wake." Makofi. "Naitwa Esperance, ninamufuata." Makofi. Mikro inakuja. Nilitazama getini, mbali sasa. Nilitazama ziwa, nikafikiria kwa kweli kuingia na viatu vyote.

"Naitwa Riziki," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika kubwa kuliko mimi.

"Riziki, uko nani kwa bwana?"

Nikaishusha mikro kifuani. Spika zikapiga filimbi. Mzee akamgeukia bwana arusi. "Huyu ni nani wako?"

"Simujui," akasema yule kijana, na akasema haraka mno.

"Unakosa kumujua namna gani, na amevaa sare ya dada zako?" Huyo alikuwa shangazi wa Solange, mwanamke mwembamba aliyekuwa hajaketi tangu nifike. Akaja mpaka mbele yangu. "Binti, sema kweli. Ulikuja hapa kumuona nani?"

Nikaona heri kusema kweli, ndiyo itakayoniokoa. Nikasema, "Nilikuja kukutana na Amani."

Hema lote likatoa sauti moja, kama watu waliomwagiwa maji baridi. Kwa sababu bwana arusi, wapenzi wangu, naye alikuwa anaitwa Amani.

Sitaweza kuwaeleza vizuri yaliyofuata. Mama mmoja alipiga kelele "Yesu wangu!" na mwingine akaanza kukusanya mkoba wake. Bwana arusi alikuwa anaapa kwa mama yake, kwa Biblia, kwa kila kitu. Na shangazi, bado ananitazama, akasema kwa sauti ya chini ambayo mikro niliyokuwa nimeishika iliichukua yote: "Tangu afike analala. Binti wa kulala muchana, bote munajua maana yake."

Yaani wiki nzima ya hospitali, mapacha na bidoni za maji ikageuka mimba, pale mbele ya watu mia. Nilijaribu kusema "mama, nimechoka tu, niko staje," lakini machozi yalitangulia, na machozi, kwa macho yao, yalikuwa ushahidi. Solange alikuwa ameketi chini. Hakulia. Alifunua kitambaa usoni, akawa anamtazama bwana wake tu.

Aliyeniokoa ni bibi mwenye bega. Alinyanyuka taratibu, akaninyang'anya mikro, akauliza, "Huyo Amani wako anafanya kazi gani?" Nikasema anahesabu magunia bandarini. "Na mulipatana wapi?" Geti la bluu. Bibi akacheka puani. "Bluu biko mbili," akasema, na mzee mwenye kofia akatuma vijana wawili wakaangalie upande wa pili wa ukuta.

Wakarudi na Amani wangu. Shati jeupe limenyooshwa, saa nzima amekaa peke yake mbele ya sahani mbili za mukeke, na sasa anaingizwa katikati ya hema kama mwizi, vidole vina mafuta ya samaki kwa sababu njaa ilikuwa imemshinda akaanza kuonja. Alinitazama. Akatazama mikono yake.

"Kijana, unamujua huyu binti?"

"Ndiyo, papa. Tulipatana saa tisa."

"Ni wako?"

Shingo yake ikawa inalowa jasho. "Papa... ndiyo tulikuwa tunataka kuanza kujuana."

"Na unamuoa lini?"

"Papa," akasema Amani, karibu kulia, "hatujakula hata samaki."

Hapo hema likapasuka kwa kicheko. Wazee walijipigapiga magotini, mama mnene wa mlangoni alijifuta macho, hata shangazi alitikisika mabega. Bwana arusi alicheka kuliko wote. Wakaniomba msamaha, nikawaomba msamaha, wakataka tubaki tule nao. Nilikataa. Tulitoka tukapita upande wa pili, mukeke imepoa, ndizi zimekuwa ngumu, na juu ya ukuta vichwa vya watoto vinatuchungulia na kuita "Amani! Amani!" Alinitafutia pikipiki, akamwambia motari aende polepole kwa sababu nina usingizi.

Baada ya hapo alinyamaza wiki tatu. Wenzake bandarini walikuwa wamesikia, wakawa wanamwuliza kila boti ikifika kama samaki wameshaliwa. Siku aliporudi alikuja Rugenge moja kwa moja, akakaa jikoni kwa Nyota, akambeba pacha mmoja, na hatukuizungumzia. Bado anakuja. Sina zaidi ya kusema hapo.

Ningependa niishie kwenye kicheko. Lakini juzi nilikutana na Solange kwa fundi, kule Kasenga. Ameolewa, anapunguza gauni. Nilianza kuomba msamaha tena, akaniwekea mkono mdomoni.

"Najua ulisema kweli, Riziki. Minye sikukasirikia weye. Lakini mbele ya kijana wako kufika, niliangalia uso ya bwana wangu, na ile uso iliogopa. Muntu hana kosa, anaogopa nini?"

Nikamwambia mimi pia niliogopa, na sikuwa na kosa la aina hiyo, watu wakikuzunguka wote kwa pamoja hata asiye na kitu anatetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Labda," akasema. Fundi akamwita, akaingia ndani kupima.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Msichana yule alikuwa na siku moja ya namna ile, na mimi niliichafua kwa sababu nilipenda kiti. Watu wakicheka hii habari, mimi nacheka nao, halafu namkumbuka ameketi pale chini na kitambaa mkononi. Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza swali mlangoni, nasimama, hata miguu iwe inawaka, namwomba arudie, ndipo najibu. Na wiki ikiniangusha kama ile, wanaoniita wanisamehe, siendi popote. Nalala kwetu.