Mifuko Miwili ya Keria

Jumamosi, kwenye duka la vipuri vya baiskeli Ruangwa, mwalimu wa kike anayefundisha Nandagala alichagua keria na mifuko miwili mipana ya kuning'iniza pande zote, ya kubebea madaftari. Muuzaji, mtu mzima, aliifunga kwenye baiskeli yake, akakaa mwenyewe kwenye keria, akatafuta pa kuweka miguu, akakosa.

"Mwalimu, hapa hutaweza kupakia mtu."

"Ndivyo ninavyotaka, baba. Kila siku wananisimamisha wanaomba lifti."

"Na mwanafunzi akipandisha homa darasani?"

Mwalimu aliupapasa mfuko wa kushoto, kisha akaufungua taratibu kutoka kwenye keria.

"Basi nipe mmoja. Atakaa upande."

Nami, niliyekuwa nyuma yake nikisubiri zamu, nilikuwa nimefuata mifuko miwili, kwa sababu hiyohiyo. Muuzaji aliponigeukia, nikasema nimekuja kujaza upepo.