Amino arudisha moshi kwenye maziwa ya ngamia

Moshi unawawasha macho wapita njia katika uchochoro huu wa Majengo, Pumwani, na hakuna anayelalamika. Ni alfajiri. Amino, mama wa watoto wanne, Hodan akiwa wa kwanza, anatia vijinga vya mzeituni mwitu ndani ya mtungi wa aluminiamu, anautikisa, anakung'uta majivu, kisha anageukia sufuria jikoni.

"Subiri kwanza," anaonya bila kuinua kichwa. "Maziwa hayana adabu. Ukiyapa mgongo tu, yamemwagika."

Ni maziwa ya ngamia, yaliyofika kwa basi kutoka Isiolo. Ameyauza hapa miaka kumi na tisa, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo hakuwahi kuyachemsha. Nani achemshe? Wateja wake walishikilia kwamba moto unaua dawa iliyomo. Naye alishika neno la mama yake, kwamba moshi wa mtungi unasafisha kila kitu.

Mwaka jana alizuru boma la kaka yake Isiolo, akamkuta daktari wa mifugo, Nyawira, akipitisha kijiti cha pamba puani mwa ndama wa ngamia.

"Nilicheka," anakumbuka. "Nikamuuliza, ngamia naye ana corona?"

Jibu lilimkata kicheko.

"Si ile ya 2020, ile tuliambukizana sisi watu," anaeleza Nyawira. "Ngamia ana virusi vyake, vya ukoo huohuo. Yeye hutokwa na makamasi tu, hasa akiwa mdogo. Ni nadra mtu kuambukizwa, lakini mwenye kisukari au figo dhaifu anaweza kuugua vibaya. Ndiyo maana tunasema nawa mikono, na maziwa yachemshwe. Moshi ni wa ladha tu."

Kisukari! Amino akamfikiria Mzee Caleb, mstaafu wa reli, anayekunywa kikombe kila asubuhi kwa ajili ya maradhi hayohayo.

Aliporudi alinunua sufuria kubwa na mitungi mipya, akachemsha. Wateja wakaonja, wakakunja uso. Lita arobaini za kila siku zikashuka hadi kumi na mbili. Mzee Caleb alihamia kwa muuzaji wa upande wa pili, anayeuza mabichi. Amino alivuka kumsihi.

"Mama Hodan," mzee alimjibu, "wewe uza maziwa, udaktari waachie wenyewe."

Iliuma. Alilia, anakiri, na siku moja nusura auze mabichi tena.

Aliyemfumbua macho ni Shiru, msusi wa jirani.

"Mathe, hizi maziwa si zile," alisema kwa Sheng akirudisha kikombe. "Ule moshi umeenda wapi?"

Amino anajicheka hadi leo. Kwa kuambiwa moshi hauui virusi, aliuacha kabisa, na mitungi mipya akaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Kumbe watu hawakuukimbia moto. Walikuwa wameukosa moshi.

Kesho yake alichemsha, akafukiza mitungi, ndipo akamimina. Harufu ikafika ng'ambo ya uchochoro. Mzee Caleb akaja na kikombe chake, akanywa, akafumba macho.

"Haya ndiyo yenyewe."

"Yamechemka, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulimi wako ndio haukusikia."

Mzee akacheka, akaomba kingine. Siku hizi mitungi ya Amino huisha kabla ya saa nne.

Lakini Amino hajaridhika. Upande wa pili bado kuna wanaokunywa mabichi. Anatafuta chumba cha kukodi, kiwe na jiko moja kubwa, ili akina mama wote wa maziwa uchochoroni wachemshe na kufukiza pamoja. Mmoja ameshaleta sufuria.

Je, haogopi watamnyang'anya wateja?

"Wanyang'anye," anasema akiteremsha sufuria. "Mteja akiwa mzima, kesho atakuja kwangu ama kwao. Akizikwa, tumemkosa sote."