Makala Iliyo Hewani

Dada yangu mkubwa alifika kwangu Butembo na mfuko mmoja, sufuria, na harufu ya kakao katika nguo zake. Alitoka Mulekera, upande wa Beni. Watu wenye silaha walikuwa wamekaribia mashamba, na wenzake wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Nilimshukuru Mungu kwamba amefika mzima. Nilimletea kiti, naye akaniuliza maganda ya ndizi tunayatupa wapi.

Tangu siku ile nyumba yangu haikutulia tena. Mke wangu alikwisha kutangulia mbele za Mungu, watoto wako mbali, na mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa nimezoea kusoma na kuomba bila sauti nyingine zaidi ya kuku. Sasa ufagio ulikuwa unalia kabla ya jua. Dada alichimba shimo kwenye kona ya kiwanja, akamwaga humo maganda, majivu na majani ya mihogo. Alisema udongo wangu una njaa.

"Yaya, ikala kidogo," nilimwambia, maana kwetu ndugu mkubwa huitwa Yaya, nikamsogezea kiti.

"Minaikala namna gani? Shamba yangu iko yenyewe. Nani anakata majani? Nani anaangusha matunda yenye kuoza?"

"Mungu analiangalia."

"Mungu alinipatia mikono. Kama alitaka kulima yeye mwenyewe, angesema."

Jumapili moja, baada ya ibada, kanisa letu lilimpokea binti mmoja aliyesomea kilimo. Alikuja kutueleza juu ya miti na ardhi. Alisema kwa Kifaransa, maana ndicho alichosomea kazi yake, na mwalimu wa shule yetu akatafsiri. Walipofika kwenye neno *carbone*, mwalimu alisimama, akajipangusa uso, kisha akasema, "Makala," neno letu la makaa ya kupikia.

Hivyo ndivyo tulivyosikia kwamba makala iko hewani. Mti unaivuta kwa majani yake, unaifunga ndani ya mwili wake kwa nguvu ya jua. Mbuzi anakula majani, na makala inaingia katika nyama yake. Mtu anakula mbuzi, na makala inakuwa damu na mifupa ya mtu. Tukipumua tunarudisha nyingine hewani. Tukizikwa, udongo unachukua iliyobaki.

Mama mmoja wa kwaya aliinua mkono. "Mwalimu, kama makala iko mu hewa, kwa nini tunapanda mulima na gunia yake ku kichwa?"

Kanisa lilicheka. Mwalimu alijaribu kujiokoa. "Hapana ile ya kupikia ku mbabula, mama. Lakini ni ndugu yake."

"Basi mie niko gunia ya makala," mama alisema, akakaa.

Binti alingoja kicheko kiishe. Kisha akaeleza jambo ambalo bado linanisumbua. Makala, alisema, inazunguka: kutoka hewani hadi jani, hadi mnyama, hadi udongo, na hewani tena. Nguvu haizunguki. Nguvu ya jua inapita tu. Kila anayekula anaitumia kwa kutembea na kwa kupata joto, na yule anayemla baadaye anakuta sehemu ndogo tu. Mwishoni yote imekuwa joto, imeondoka. Ndiyo sababu jua linapaswa kuleta nyingine kila siku. Nilifikiri juu ya neema, jinsi mtu hawezi kuiweka akiba, na moyo wangu ukashukuru. Niligeuka nimwone dada. Yeye hakuwa amecheka hata kidogo.

Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani alisimama katikati ya kilima.

"Umesikia? Nguvu inapita tu."

"Nimesikia, Yaya."

"Yangu inapitia kwako. Ninakula maharage yako, ninapata joto, ninafagia kiwanja yenye ilishafagiwa. Inaenda bure."

"Si bure. Unaishi."

"Mbuzi pia inaishi, mudogo yangu."

Nilijua kwamba atakwenda. Nilianza kuuliza kila dereva aliyetoka Beni habari za barabara, na majibu yao hayakufanana. Niliomba, nikafunga, nikaomba tena. Tulipopata habari kwamba watu wa Mulekera wameanza kwenda mashambani mchana kwa vikundi na kurudi mjini mapema, dada alifunga mfuko wake. Sikuweza kumwacha aende peke yake. Tulishuka kwa taksi hadi Beni, joto likiongezeka kila tulipoacha vilima nyuma, kisha tukachukua pikipiki mbili hadi mwisho wa njia.

Shamba lilikuwa limefungwa na majani. Matunda ya kakao yalikuwa yameoza juu ya miti, meusi. Dada aliyapita bila kuyagusa, kwa sababu mbele yake palikuwa na mwanga mwingi mno. Mti mkubwa wa kivuli, ambao marehemu mume wake aliupanda walipooana, haukuwepo. Kilibaki kisiki, na karibu yake duara jeusi la udongo uliochomwa. Mtu alikuwa ameuangusha, akaufunika, akauchoma polepole kuwa makala.

Nilianza maneno ya sala. Dada aliinua mkono kunikatiza. Aliokota kipande kilichobaki, ganda la mti likionekana bado upande mmoja.

"Makala unanunuaka Butembo inatoka wapi?"

"Mara nyingi huku Beni."

"Basi ni ule muti tulipikia maharage."

"Labda hapana ule, Yaya."

"Labda njo ule. Nimekula muti ya bwana yangu, na weye umekula na mie." Alicheka, kisha kicheko kikakatika, akakaa juu ya kisiki. Nilisimama karibu naye. Vyuma vya pikipiki vilisikika vikipoa.

Baadaye aliinama chini ya kakao na kuingiza vidole katika majani yaliyoanguka tangu alipokimbia. Yalikuwa mengi, yenye maji, na ndani yake nyuzi nyeupe za uyoga na nyungunyungu. Alinipa konzi ya udongo ule. Ulikuwa na joto.

"Shamba ilikuwa inakula," alisema. "Mie nilifikiri iko na njaa."

Nikaona nimepata ushahidi wangu. "Basi inaendelea bila weye. Turudi Butembo, tungoje amani."

"Inakula, lakini kivuli haiko. Kiangazi ikikuya, jua itakausha hii miti midogo yote. Nitapanda ndizi ya kivuli, inakomala mbio. Nguvu yangu yenye imebaki, pahali yake njo hapa."

Tulibishana mpaka motari wangu, dereva wa pikipiki, akapiga honi. Atalala mjini kwa shemeji yake, alisema, ataingia shambani na wengine na kutoka nao. Nilimwekea mikono kichwani, ingawa yeye ndiye mkubwa, nikamwombea. Alinivumilia mpaka amina.

"Usitupe maganda mu barabara," akasema.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kuwasha mbabula, ninageuza vipande vya makala mkononi nikitafuta ganda la mti ninaoujua. Kisha ninawasha, maana lazima mtu ale. Maganda ninayapeleka kwenye shimo la dada, ambako mboga imejiotea yenyewe na kupanda ukuta. Ninamshukuru Mungu kwa jua la leo. Simu ninaibeba katika mfuko wa shati, nikingoja habari zake, na kila inapolia mikono yangu ina udongo; ninaipangusa haraka kwenye suruali, na udongo hautoki upesi.