Barua ya Shukrani kwa Bosi wa Atupele

Sifa ni zake Mungu aliye juu, anayetuamsha kila siku ingawa hatumdai hata pumzi moja. Katika haya ninayoyasimulia sijamnung'unikia, ila nakiri kwamba nimechoka, na maneno ya kumwomba yameniishia.

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Binti yangu Atupele anafanya kazi za ndani katika nchi moja ya Uarabuni. Huko simu za bure za mtandaoni zimezuiwa. Kwa hiyo wasichana wengi huweka kwenye simu zao programu iitwayo VPN, inayopitisha mawasiliano kwa njia ya kificho, simu ikaonekana kama iko nchi nyingine. Kwa njia hiyo Atupele aliungana nasi kila Jumapili jioni katika ibada ya nyumbani. Mama yake akiimba sauti ya kwanza, yeye aliimba ya pili.

Kwetu mtu akikutunzia mwana, humwachi bila neno. Bosi wake angekuwa anakaa Tukuyu, ningempelekea jogoo. Kwa kuwa yuko mbali niliandika barua, mwalimu wa sekondari akanitafsiria. Nilimshukuru kwa mshahara na chakula, na kwa kumruhusu binti yangu atumie VPN ili asali nasi. Sikumwuliza Atupele kama ameruhusiwa. Niliona ni jambo la wazi.

Baada ya majuma machache ukaja ujumbe kutoka kwa msichana anayefanya kazi nyumba ya jirani: "Baba, Atupele amechukuliwa na polisi. Bosi aliogopa, maana intaneti ya nyumba iko kwa jina lake. Barua yako ameikabidhi huko."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la kwenda Iringa kumwona wakili mmoja, ambaye zamani nilimfundisha darasa la kipaimara. Mama Atupele hakunisindikiza. Alisema ataanza kufunga chakula hadi nirudi na jibu.

Tulipofika kituo cha Igawa alipanda mfugaji wa Kisukuma anayeishi bonde la Usangu, akakaa kando yangu, akatoa simu na kutazama video. Nilimwuliza kama anaifahamu VPN.

"Mzee, ndiyo hii ninayotumia."

"Umeisajili? Nasikia hata hapa kwetu wanataka usajili."

Akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Ng'ombe wangu wenyewe hereni za usajili za serikali wamevaa nusu tu. Nisajili simu?" Aliponiona sicheki akapunguza sauti. "Kwani imekuletea shida?"

Nikamweleza. Alizima simu, na hadi Makambako hakuiwasha tena. Aliposhuka aliniachia chupa ya maji, akasema, "Pole, mzee wangu. Huku tunacheza nayo tu."

Saa saba mchana niliingia Iringa. Wakili alinipokea kwa heshima, akaniita Mwalimu, akaagiza chai. Nilimwuliza jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa halali hapa na kosa kule.

"Mwalimu, kuna nchi hawajali kabisa, mabenki yenyewe yanaitumia," alisema. "Kuna nchi kama yetu, kanuni zinataka utoe taarifa na usajiliwe. Kuna nchi zimepiga marufuku. Na huko aliko Atupele, kuwa nayo peke yake huenda isiwe kesi. Kesi ni kuitumia kufanya lililokatazwa. Kupiga zile simu kumekatazwa."

"Alikuwa anasali."

"Sheria haitauliza alikuwa anasema nini. Adhabu ni faini au kifungo, kisha kurudishwa. Ushahidi ni simu yake na barua yako."

Alisema yeye hawezi kumtetea kule, anahitaji wakili wa huko. Ila, akasema taratibu, mzee anaweza kukosea mambo ya teknolojia. Ningeandika barua nyingine kwamba sijui VPN ni nini, na kwamba Atupele alipiga simu za kawaida.

Chai ilipoa. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na nimewatenga watu na ushirika kwa uongo mdogo kuliko huo. Niliandika. Mistari ilinyooka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Ilula. Wakili alinielekeza kwa Zawadi, aliyewahi kufanya kazi mji uleule aliko Atupele na sasa anauza nyanya kando ya barabara. Ndiye angepitisha barua yangu kwa watu anaowafahamu kule. Nilimkuta akipanga ndoo zake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

Aliisoma barua amesimama. Kisha alivuta kigoda, akanikalisha mimi, yeye akachuchumaa.

"Baba, nimeongea nao jana. Simu ya Atupele imeshafunguliwa, polisi wameiona programu na wameziona simu zote za Jumapili. Yeye amekubali. Amesema alikuwa anaongea na wazazi. Hii ikifika, wataona baba mtu anamkanusha mwanawe. Itamharibia."

"Nifanye nini sasa?"

"Hakuna. Subiri." Akaikunja barua, akanirudishia. "Sisi wote tuliitumia. Mabosi wengine walijua, wakajifanya hawajui. Ilikuwa hivyo hadi mtu aseme. Usinichukie, baba, lakini ungemshukuru Mungu peke yake."

Sikumchukia. Alinifungia nyanya za mama Atupele, nikazipokea, nikasema asante. Hata hilo neno lilinitoka kwa shida.

Nilirudi Mbeya siku hiyohiyo. Mama Atupele alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama binti yetu anajua ni nani aliyeandika. Nikasema anajua, maana barua ile ni ushahidi wao. Akaingia ndani kufungua mfungo wake kwa uji, kwa kuwa hapakuwa na jibu la kungojea.

Nimejifunza kwamba mipaka ya nchi imeingia hadi ndani ya simu ya mtoto wangu, nami nilimtembeza humo bila kuuliza njia. Nimejifunza pia kwamba niliweza kumkana, tena kwa mwandiko mzuri. Jambo hilo nimemwambia mchungaji, na nimeomba nivuliwe uzee wa kanisa. Atupele bado yuko ndani. Tarehe ya kesi hatujaambiwa.

Wewe uliyesoma, Bwana awalinde wanao walio mbali, akupe moyo wa shukrani, na pamoja na moyo huo akupe kuuliza kwanza. Amina.