Sindano katika Mkono wa Phelista

Phelista Nasimiyu anaishi Kiminini, nyuma ya maduka, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kochi moja na viti vya mbao. Kochi limefunikwa kwa vitambaa vyeupe vya krosheti. Vilevile viti, meza, televisheni, na hata ndoo ya maji ya kunywa. Vyote amevishona yeye. Mumewe Festus, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, husema kwamba akiketi mahali pamoja kwa muda mrefu, naye atajikuta amefunikwa.

Ninaandika habari zake kwa sababu mama yangu na mimi tumejifunza kazi hii kutoka kwake, naye hakutudai chochote ila tuifanye vizuri. Ninamshukuru, na ningependa watu wengine wamfahamu.

Alizaliwa Kabuchai, katika boma lililopakana na mashamba ya miwa, na tangu alipoanza kushika kijiko alikishika kwa mkono wa kushoto. Shangazi yake alimfunga mkono huo kwa kipande cha kitenge wakati wa kula, akimwambia kwamba hakuna mkwe atakayepokea chai kutoka kwa mkono kama huo. Shuleni mwalimu aliihamisha kalamu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, siku baada ya siku, mpaka Phelista akazoea. Leo anaandika kwa mkono wa kulia na kumsalimu mtu kwa mkono wa kulia. Lakini kisu, ufagio na panga la kukatia majani ya ng'ombe hukimbilia mkono wa kushoto.

Alipoolewa na kuhamia Kiminini, alikuta wanawake wa kanisa lao wakikutana alasiri za Alhamisi kushona vitambaa. Alitamani sana kuketi nao. Walimkaribisha vizuri, wakampa uzi na ile sindano ya krosheti yenye kichwa kilichopinda kama ndoana, wakamweka katikati ya washonaji wawili hodari ili ayafuate yale wanayofanya. Hakuweza. Kila walipokwenda upande huu, mkono wake ulikwenda upande ule. Washonaji wale nao wakaanza kukosea.

"Dada, uzi wako unarudi nyuma," mmoja alimwambia kwa upole. "Labda ungejaribu kazi ingine ya mikono. Hata vikapu ni vizuri."

Hawakumfukuza. Walimwonea huruma tu, naye akaacha kwenda.

Mama mkwe wake alikuwa na kitambaa cha zamani kilichotafunwa na panya pembeni, akataka kukitupa. Phelista alikiomba. Aliketi nacho mezani akaanza kukifumua, si kwa kuvuta uzi wote mara moja, bali tundu moja kwa wakati, akiangalia uzi ulikuwa umepita wapi kabla hajauachia. Akishafumua safu moja, alijaribu kuishona upya kwa mkono wake wa kushoto. Ilimchukua msimu mzima wa mahindi. Alipomaliza, alikijua kile kitambaa jinsi mtu anavyoijua njia aliyoipita kwa miguu, kwenda na kurudi.

Nadhani ndiyo sababu anafundisha vizuri. Wengi wetu huanza kazi kwa kutazama ikiwa imekamilika. Yeye aliianza kwa kuona inavyoachana.

Wazo la kurekodi video lilikuwa la Festus. Alichomelea kistendi cha simu kutoka kwa vipande vya nondo, akakiweka upande wa pili wa meza, simu ikimtazama mkewe. Phelista aliona haya kuonyesha uso, kwa hivyo video zake zinaonyesha kifua, mikono na kazi aliyoinua mbele yake, pamoja na sauti yake isiyokuwa na haraka.

"Anza na kitanzi," husema. "Usikaze. Kiwe kama pete ya mtoto, iingie na itoke bila kulia. Sasa shona minyororo sita. Funga mviringo. Ukiona katikati pamebaki shimo, usiogope, hapo ndipo ua litakaa. Mimi nangoja. Ukimaliza, endelea."

Na kweli hungoja. Katika video zake kuna mahali ambapo hasemi chochote, mikono imetulia, na unasikia kuku wa jirani.

Mama yangu, Nabwile, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Ndalu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani, na jioni tulikuwa tukitazama mafunzo ya krosheti kwenye simu yangu. Tulikuwa tumejaribu walimu wengine. Ilitubidi kugeuza kila hatua kichwani, na mama alikuwa akiiinua simu na kuipindua juu chini, akilalamika kwamba inamtia kizunguzungu. Tulipompata Phelista, kizunguzungu kiliisha. Sindano yake ilikuwa upande wa kulia wa kioo cha simu, upande uleule tulioshika zetu. Hatukuwaza zaidi ya hapo. Tulisema tu kwamba huyu mama ana kipaji.

Wengine walisema hivyohivyo. Mtu mmoja alimwandikia chini ya video: "Mungu aubariki huo mkono wako wa kulia, mwalimu." Phelista alimsomea mumewe.

"Si uwaambie ni kushoto," Festus alisema.

"Niwaambie halafu? Watatoka wote."

Basi akanyamaza. Mama alipompigia simu kumwomba aje Ndalu kufundisha kikundi chetu ana kwa ana, Phelista aliomba kwanza afikirie. Baadaye alinieleza kilichompitia moyoni. Watu wengi walikuwa wamemtazama, lakini yeye hakuwahi kumwona hata mmoja wao akishona alichomfundisha. Wala hakuwa ameketi na wanawake wenye nyuzi mapajani tangu zile Alhamisi. Alitaka kuja kuliko kitu chochote. Na alikuwa na hakika kwamba wakiuona mkono wake, watamwonea huruma na kumuaga kwa upole kama wale wa kwanza.

Alikubali. Kisha kuanzia siku hiyo mpaka Jumamosi ya mafunzo alijifunza kushona kwa mkono wa kulia. Festus alimwangalia akihangaika na nyuzi, akamuuliza, "Sasa unaenda kufundisha ama kuigiza?"

Ilikuwa baada ya palizi ya kwanza, wakati akina mama wana nafasi kidogo. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, viti vikiwa mstari kwa mstari. Phelista alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, amevaa sweta ya kijani aliyoishona mwenyewe. Alipofungua kinywa, wanawake walitazamana wakatabasamu. Sauti ilikuwa ileile.

"Anza na kitanzi. Usikaze."

Akashika sindano kwa mkono wa kulia, na kitanzi kikamponyoka. Akarudia. Minyororo yake ilitoka mmoja mkubwa, mmoja mdogo, kama meno ya mtoto. Uzi ukafunga fundo. Akauvuta, akatoa kicheko kifupi, akaanza upya.

Kukhu Nanyama, ambaye sote tunamwita kukhu kwa kuwa ni wa umri wa nyanya zetu, alimsogelea mama sikioni. Yeye masikio yake yamepungua nguvu, kwa hivyo alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

"Sauti ni yake. Mikono ni ya nani?"

Kicheko kilipita ukumbini. Rispah, ambaye katika kikundi chetu hakosi neno, akadakia. "Labda mikono imebaki Kiminini, itakuja na gari ya saa nane." Kisha akaacha mzaha. "Lakini mama, si utuambie ukweli. Ama zile video ni za mtu mwingine, wewe unaweka tu maneno?"

"Rispah, huyu ni mgeni," mama alisema.

"Nauliza tu, mwenyekiti. Nimetoka mbali pia mimi."

Phelista aliweka sindano mezani, akasimama. Aliuangalia mlango, na kwa muda nilidhani ataondoka bila kusema neno. Angeondoka hivyo, Ndalu nzima ingemkumbuka kama mwongo, na nadhani alilijua hilo. Alikaa chini tena, akaichukua sindano kwa mkono wa kushoto, akainua uzi mbele ya kifua chake.

Sijui nieleze vipi tulichokiona. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akichechemea amevua kiatu kilichombana. Minyororo ilitoka sawasawa, mviringo ukafungwa, petali moja baada ya nyingine zikakaa mahali pake. Kabla hatujapumua vizuri, ua lilikuwa limekamilika.

"Kumbe mashoto," Rispah alisema polepole.

"Ndiyo," Phelista alijibu. "Nilizaliwa hivi. Nilijua mkiniona mtachanganyikiwa, ndiyo nikajaribu ule mwingine. Nimewapotezea siku, akina mama. Mnisamehe." Akaanza kukusanya nyuzi zake kwenye mfuko.

"Ngoja," alisema Kukhu Nanyama. "Mimi sijachanganyikiwa. Fanya tena."

"Kukhu, yangu inaenda kinyume."

"Nimesema fanya."

Kukhu alivuta kiti chake hadi mbele ya mwalimu, magoti kwa magoti, akainua sindano yake kwa mkono wa kulia. Phelista alishona mnyororo mmoja. Kukhu akashona mmoja. Phelista akapeleka sindano upande wa dirisha, na sindano ya kukhu ikaenda pamoja nayo upande wa dirisha. Mama alisimama nyuma ya kukhu, akatazama juu ya bega lake, akapiga makofi mara moja.

"Ni kioo," alisema. "Jamani, ni kama kujiangalia kwa kioo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakuwa akiipindua tena simu yangu. Mtu wa mkono wa kushoto akikutazama, mkono wake unakuwa upande wa mkono wako wa kulia, na kazi yake inaelekea inakoelekea yako. Wale wanawake wa Kiminini walikuwa wamemweka kando yao. Hakuna aliyefikiria kumweka mbele. Nilimgeukia Phelista nikaona kwamba hata yeye ndiyo kwanza anaelewa. Alikuwa amefundisha vizuri muda wote ule kwa sababu ya kitu alichokuwa akikificha. Alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Rispah alikuwa amesogeza kiti kando ya mwalimu, akijaribu kufuata na kukosea. "Hapa pembeni ni vita," akasema, akabeba kiti chake. "Nisongeeni nikae mbele. Na mwalimu, yale maneno ya video nimeyameza."

"Yalikuwa machungu?" Phelista aliuliza.

"Sana."

Tuliivunja mistari ya viti tukapanga nusu duara, kila mmoja akimtazama. Alikwenda polepole, na pale pa kungoja alingoja. Safari hii aliona kile alichokuwa akikingojea. Aliinuka akazunguka, akachukua ua la huyu na la yule, akaligeuza, akalisifu, akaonyesha mahali uzi umeruka tundu. La Kukhu Nanyama lilikuwa na petali moja zaidi. Kukhu alikataa katakata lisiguswe.

Mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati mpaka sauti ya mwalimu ikamezwa kabisa. Hakuna aliyeacha kushona. Chai ililetwa, na watu wakawa wanakunywa kwa zamu ili mikono isikae bure. Mvua ilipopungua, mama alichungulia nje akamwambia mwalimu kwamba magari ya kuelekea Kiminini yataanza kuadimika.

Phelista hakuinua macho. Wakati huo hakuwa akimfundisha mtu. Alikuwa amevuta kiti chake ndani ya duara, kati ya Rispah na mimi, na kitambaa chake mwenyewe kilikuwa mapajani.

"Asante, mwenyekiti," alisema. "Niache kwanza nimalize hii safu."