Baba Aliyechelewa

Juzi mwalimu wa zamu aliandika jina langu ubaoni chini ya neno “late”, kwenye orodha ya waliochelewa. Nikamuuliza, “Mwalimu, kwani nimekufa lini?” Darasa likaangua kicheko.

Mawazo yakanirudisha Nanyamba, utotoni, kwenye moshi mkali wa korosho alizokuwa akichoma mama huku nikimsomea riwaya ya watoto ya Kiingereza. Msichana wa kitabuni alikuwa na “late father”.

“Mama, baba yake kachelewa kama baba yetu!”

Baba alikuwa amevuka Ruvuma kutafuta kazi Msumbiji. Mama alizidi kukoroga korosho. “Haya soma, tuone kama atafika.”

Nikasoma hadi jalada la nyuma. Hakufika.

Sasa najua “late” ni marehemu pia. Kwa baba yetu, hatujapata wa kutuambia ni maana ipi.